Jinsi ya kulizoea neno "get" bila kukimbilia "pata"

Nilipokuwa na miaka 22 nilifanya kazi ya kusafisha vyumba katika hoteli moja ng'ambo ya daraja la Nyali, Mombasa. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama kwenye ujia na mashuka begani. Akaja mzee wa Kiingereza ameshika sinia kwa mikono miwili, vikombe viwili vya chai juu yake, akasimama mbele ya chumba chake na kuniambia: "Could you get the door, please?" Kila neno nililijua. Door ni mlango, get ni pata. Nikamtazama yeye, nikautazama mlango, nikajibu "Yes, sir," kisha nikasimama palepale nikingoja aniambie mlango wenyewe nikaupate wapi. Yule mzee akachutama polepole, akaliweka sinia sakafuni, akafungua mwenyewe, akainama tena kuliokota, akaingia. Ndani mkewe alikuwa mgonjwa. Hakunikemea hata kidogo. Lakini mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne chenye alama nzuri ya Kiingereza, na neno la herufi tatu lilinifanya nimwache mtu wa umri wa babu yangu ainame mara mbili mbele yangu.

Leo nafundisha Kiingereza jioni tatu kwa wiki, baada ya Isha, sebuleni kwetu Kibokoni. Wanaokuja ni watu wa kazi: dereva wa tuk-tuk, kina mama wawili wanaosafisha vyumba kama nilivyosafisha mimi, kijana anayewatembeza wageni Ngome ya Yesu na vichochoro vya Mji wa Kale, na muuza viungo wa Marikiti. Kiingereza cha shule wanacho. Yanayowaangusha ni maneno madogo, na "get" ndilo linaloongoza. Naandika hapa jinsi ninavyolifundisha, kwa sababu njia tuliyopitishwa sisi ilitudhuru. Tuliandikiwa ubaoni kwamba get ni pata. Tulipofika madarasa ya juu, mwalimu akatukataza kulitumia kwenye insha, ati ni neno la wavivu. Andikeni "receive", andikeni "obtain". Halafu unatoka shule, unaingia kazini, na kila mgeni anazungumza kwa "get" tangu chai ya asubuhi mpaka anapozima taa.

Usianze kwa kukariri orodha ya maana. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, ililipa neno "set", dogo kama "get", maelezo marefu kuliko neno jingine lolote, na sijui Mwingereza aliyeyakariri. Wenye lugha hawabebi orodha kichwani. Wanasikiliza neno linalofuata, basi. Wewe pia unafanya hivyo kila siku kwa "piga". Mtoto wa miaka minne hapa mtaani ukimwambia baba anapiga pasi, mama anapiga simu, bibi anapiga magoti, haulizi nani ameumia. Anasubiri neno la pili. Sikio hilohilo ndilo ninalotaka ulipeleke kwenye "get".

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni hii: ukisikia "get", funga mdomo wa "pata" na uulize kilichofuata ni nini. Kitu? Hali? Mahali? Jambo lililotendwa?

Kikifuata kitu, jiulize mkono utafanya nini. "Get the door" ni fungua mlango. "Get me a towel" ni niletee taulo. "Get some milk" ni kanunue maziwa. "I have to get the kids" ni lazima nikawachukue watoto, labda shuleni, labda kwa bibi yao. Simu ikilia na mtu akasema "Could you get that?" anakuomba uipokee. Mtu anayehudumia mezani na ashike hili vizuri zaidi: "Can we get the bill?" maana yake tuletee bili, lakini "I'll get the bill" maana yake mimi ndiye nitakayelipa. Kijana wangu wa Ngome ya Yesu alikaa na mgeni wakinywa kahawa, mgeni akasema "I'll get this," naye akainuka haraka akidhani anaombwa akalete kitu. Alipoelewa kuwa anakirimiwa, kahawa ilikuwa imeshapoa.

Kikifuata hali, hapa ndipo Kiswahili kinapokusaidia kuliko kitabu chochote cha sarufi. Wanafunzi huniuliza kila mara: "Mwalimu, I am wet na I get wet yatafautianaje?" Nawapeleka kwenye feri ya Likoni, mwezi wa Mei, masika yamekolea. Umesimama pembeni ya sitaha, manyunyu yameanza, bega moja limeguswa. Unamwambiaje mwenzako? "Sogea, nalowa." Mkifika upande wa pili, buibui limeganda mwilini, unasema, "Nimelowa." Nalowa ni "I'm getting wet". Nimelowa ni "I'm wet". Kila unapoweza kusema -na- kwa jambo linaloingia, Kiingereza kinataka "get". Jambo likishaingia na kukaa, -me-, Kiingereza kinarudi kwenye "am", "is", "are". Nachoka, nimechoka. Anazeeka, amezeeka. Anakasirika, amekasirika. Jaribu na "lewa" na "tajirika" uone kama haikubali. Sisi tumebahatika kuwa na kitenzi kizima kwa karibu kila hali. Mwingereza mara nyingi hana kitenzi hicho, ana sifa tu, ndipo akaitia "get" mbele yake ili itembee.

Tahadhari moja tu hapa. "I got lost" ni nilipotea, jambo la kawaida kwa mgeni katika vichochoro vya Mji wa Kale. Ila "Get lost!" akiambiwa mtu ni kufukuzwa, na kwa ukali. Usimwambie mgeni "Don't worry, get lost" ukimaanisha azurure atakavyo.

Likifuata tendo lililokwisha kutendwa, mara nyingi ni ile -w- yetu. "I get paid on Friday", nalipwa Ijumaa. "He got arrested", alikamatwa. "My phone got stolen", simu yangu iliibwa. Na "get married" ni ya wote wawili: Kiingereza hakitofautishi anayeoa na anayeolewa, kwa hiyo mwanamume aseme "I got married" bila wasiwasi. Wala usiseme "married with". Ni "married to".

Ukiona kitu kimeingia katikati, sentensi imebadilika: "I got my dress sewn." Hapo hukushona, umeshonesha, kuna fundi. "I got my hands hennaed for the wedding," nilipakwa hina. Dereva wangu wa tuk-tuk alimwambia abiria mmoja "I repaired my engine," na yule abiria akaanza kumsifu kwa ufundi na kumuuliza maswali ya mashine mpaka akakosa majibu. Alitaka kusema "I got my engine repaired". Tulilirudia jioni nzima kwa vitu alivyo navyo: kioo, tairi, turubai la mvua, viatu. Nenda nawe kwa vitu vyako, usichukue mifano ya kitabuni.

Kikifuata mahali, "get" ni fika. "What time did we get to Miritini?" watauliza walioshuka treni ya SGR kutoka Nairobi. Ni "get to Mombasa", "get to the beach", lakini "get home", "get there", "get here", bila "to". Kosa la "get to home" nalisikia kwa watu wenye shahada. Na usishangae ukiambiwa "You'll get there" mahali ambapo hakuna safari yoyote. Ni kutiwa moyo: utaweza, utafika tu.

Sasa kupanda na kushuka, jambo ambalo Mombasa halikwepeki. Chombo unachoweza kusimama ndani na kutembea, feri, basi, treni, ndege, ni "get on" na "get off". Chombo unachoinama na kujipenyeza, teksi, gari dogo, tuk-tuk, mashua ndogo, ni "get in" na "get out". Kitu unachokipanda kwa kukikalia mgongoni, boda boda, baiskeli, ngamia wa pale ufukweni, ni "get on" na "get off" pia. Matatu ya abiria 14 ukiitia kwenye kundi la basi utaeleweka, maana inaendeshwa kama basi. Na hapa niseme jambo letu Wakenya: sisi husema "I'm alighting at the next stage". Si kosa, ila mgeni analijua neno hilo kutoka kwenye matangazo ya stesheni, halisemi kinywani. Yeye atasema "I'm getting off here". Ukimsikia, mwambie makanga agonge bati.

Turudi kwenye "pata" yenyewe, maana sitaki udhani nailaumu. Naipenda. Itazame inavyobadilika mkiani: pata, patia, patana, patikana, patanisha. Nipatie maji, "get me some water". Wale majirani wawili wanapatana, "they get along" au "they get on". Umeona? Sisi tunabadilisha maana kwa kugusa mwisho wa kitenzi, Mwingereza anaibadilisha kwa kutundika neno dogo nyuma yake. Yale maneno madogo, on, over, by, through, ndiyo viambishi vyao. Tangu nilipoanza kuwaeleza hivyo, wanafunzi waliacha kuyaogopa.

Katika hayo madogo, manne nayafundisha kwa subira. "Get over" ni kupita juu ya kitu kilichokulaza, homa au msiba. "She never got over her son's death," hakupata kuondokewa na uchungu wa kufiwa na mwanawe. Hilo usimwambie mfiwa kwa amri. "Get over it" ni maneno makavu sana, na kwetu sisi tunaokaa matangani siku tatu na mfiwa, yanakwaruza. "Get through" ni kupita katikati: kupita mtihani, kupita mwezi mgumu, au simu kuunganika. Ukipiga na haiingii, "I can't get through". "Get by" ni kusukuma siku. Muuza viungo wangu aliulizwa na mgeni biashara ikoje, akajibu "We get by," na siku hiyo nilijua darasa linazaa, kwa sababu hakulitafsiri, alilisema. Hilohilo linatumika kwa lugha: vijana wengi wa ufukweni wana Kiitaliano au Kijerumani cha kuwatosha kazini, basi husema "I get by in Italian". Ni jibu la kweli na la heshima kuliko "I speak fluent Italian" kisha ukwame kwenye swali la pili. La nne ni "get away with", kufanya ubaya na usiguswe. Halina neno moja kwetu, nami huwaachia watunge sentensi, hawakosi mifano.

Yapo mahali ambapo "get" na "pata" zinakutana uso kwa uso, na nataka ufurahi nazo kama ninavyofurahi mimi. Tunasema: hajapata kufika Lamu, nilipata kumwona. "I got to see him", nilipata kumwona, hivyohivyo, kwa maana ya kujaliwa. Tunasema yapata saa nne, na Mwingereza wa zamani atakwambia "it's getting on for ten". Tunasema maji yamepata moto, mgonjwa amepata nafuu, "the water got hot", "the patient got better". Vijana wanasema "Nimekupata," yaani nimekuelewa, na Kiingereza ni "I get you", "I get it". Kinyume chake ni "I don't get it", sijaelewa, na si kwamba kuna kitu hajapewa. "Don't get me wrong" ni usinielewe vibaya. Ila tukisema kisu hiki hakipati, kwa maana ni butu, hapo njia zinaachana. Ukisema "the knife doesn't get" hutaeleweka na mtu.

Lakini angalia sana sentensi hizi mbili, kwa sababu sikio la haraka huzichanganya. "I got to see the doctor," nilipata kumwona daktari. "I've got to see the doctor," lazima nimwone daktari. Tofauti ni ile 've inayopita kama upepo, na katika mazungumzo ya haraka ya Wamarekani hata hiyo humezwa, ikabaki "I gotta". Anayesafisha vyumba akisikia ya pili na kuielewa kama ya kwanza atasema "Oh, good!" kwa mtu anayeumwa. Sikiliza wakati: kama jambo limeshapita, ni bahati, kama bado, ni lazima. Vilevile "I've got a ticket" ni nina tiketi tu, "have". Mmarekani akitaka kusema ameshaipata atasema "I've gotten a ticket", na hilo "gotten" Mwingereza wa leo halitumii, wala shuleni kwetu halikubaliki. Ulielewe ukilisikia, uandike "got".

Kijana wa Ngome ya Yesu aliniuliza neno hili lilitoka wapi, nikafurahi kwamba aliuliza, maana yeye huwaeleza wageni kila siku kwamba meza na leso tulizitoa kwa Wareno waliojenga ile ngome kuanzia mwaka 1593. Nikamwambia "get" nalo lilikuja kwa chombo. Watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza zaidi ya miaka 1,000 iliyopita walikuja na neno "geta". Waingereza walikuwa na ndugu yake, lakini alikuwa hatembei peke yake, amejibanza ndani ya maneno mengine, na hadi leo yumo ndani ya "forget". Kusahau kwao ni kupoteza kilichokuwa mkononi. Siku iliyofuata nilimsikia akiwaeleza hayo watalii wawili karibu na mizinga, kwa Kiingereza chake mwenyewe, bila kukosea.

Kuhusu kuandika, mwalimu wetu wa zamani alikuwa na haki kidogo. Barua ya kuomba kazi inataka "I received your letter", si "I got your letter". Ripoti inataka "arrived" na "became". Lakini usiende upande wa pili ukamwambia mgeni "I have obtained a cold". Mdomoni ni "get", kwenye karatasi rasmi ni yale mengine, na mpaka wake ni huo tu.

Sasa zoezi lenyewe. Nunua daftari la kurasa 96, chora mstari katikati. Kila siku nasa "get" tano, kwa mgeni, kwa redio, kwa filamu, popote, na uziandike nzima kushoto, pamoja na neno linalofuata. Kulia andika ungesemaje wewe ukiwa nyumbani, kwa Kiswahili cha kwenu, na sharti langu ni moja: wiki mbili za kwanza "pata" ni marufuku upande wa kulia. Mtatoa jasho. Mama mmoja wa darasa langu aliandika "get the kids ready", akakaa nayo siku mbili, mwishoni akaleta "watayarishe watoto, wavishe, wachane". Nilimpa alama zote. Wiki ya tatu mruhusu "pata" arudi, utaona anakuja tu pale panapomfaa. Usisome daftari kimya. Soma kushoto kwa sauti, funika kulia, sema, funua.

Dereva wa tuk-tuk alikosa darasa mara mbili mwezi uliopita, mamake alikuwa amelazwa. Aliporudi alikuja na daftari. Abiria wake wa kila wiki, mama mzee wa Kizungu anayekaa Nyali, alikuwa amempa kadi ampelekee mgonjwa, imeandikwa "Get well soon". Kushoto ameliandika hilo. Kulia alianza "pona haraka", akalikata kwa kalamu. Chini yake ameandika: "ugua pole".